Miaka Mitatu ya Harrison Dillard

Kaka yangu mkubwa ana kovu upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa kulia. Lina urefu wa kidole gumba, na ngozi yake imekuwa laini na kung'aa. Aliyewahi kuruka viunzi akiliona hahitaji kuuliza limetoka wapi. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa ukitangulia, wa kulia ukifuata, na kila alipochelewa kuuvuta, kifundo kilikutana na ubao. Viunzi vya shuleni kwetu vilichongwa na fundi seremala kwa mbao nzito, na havikuanguka vikigongwa. Aliyeanguka ni mkimbiaji.

Kwa misimu miwili hakuna mwanafunzi aliyemshinda. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kumshikia viatu na kusimama pembeni ya kiunzi cha tano nimwambie kama nyonga zimepanda juu mno. Alinifundisha na mimi kuruka. "Mdogo wangu, usikitazame kiunzi unachokiruka," alikuwa akiniambia. "Hicho kimeshapita. Tazama kinachofuata." Kisha akahesabu kwa sauti huku mimi nikikimbia: moja, mbili, tatu, ruka. Moja, mbili, tatu, ruka.

Alipomaliza shule aliingia jeshini, na hakushindana tena. Kwa akili ya mtoto wa miaka kumi na mitatu niliona kama ametupa kitu chetu sote wawili. Ilinichukua muda mrefu kuelewa, na aliyenisaidia kuelewa ni mtu ambaye sikuwahi kumwona: Mmarekani mweusi, mwembamba, mrukaji viunzi, aliyepewa jina la utani la "Bones", yaani Mifupa. Jina lake kamili ni William Harrison Dillard.

Wanaomfahamu Dillard kwa kawaida wanafahamu sehemu mbili za maisha yake. Ya kwanza ni siku aliyoshindwa kufuzu kwa mbio alizokuwa bora kuliko mtu yeyote duniani. Ya pili ni dhahabu aliyoipata wiki chache baadaye kwa mbio ambazo hakuna aliyemtegemea. Ni simulizi tamu na ni ya kweli, nitaifikia. Lakini kabla yake kuna miaka mitatu ambayo huwa inapewa sentensi moja tu, "akatumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia", kisha msimulizi anarukia 1946. Mimi kila nikifika hapo nasimama.

Dillard alizaliwa mwaka 1923 mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio. Familia haikuwa na kitu, na miaka ya utoto wake ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Watoto wa mtaani kwake waliokota springi za viti vya magari mabovu, wakazipanga njiani na kuziruka. Hivyo ndivyo viunzi vyake vya kwanza. Mwaka 1936 Jesse Owens, kijana wa mji huohuo, alirudi kutoka Berlin na dhahabu nne, na Cleveland ikamfanyia gwaride. Dillard alikuwa na miaka 13, amesimama katikati ya umati. Alikwenda nyumbani na kumwambia mama yake kwamba amemwona Jesse Owens, na kwamba naye atakuwa kama yeye.

Akaingia sekondari ya East Technical, shule ileile aliyosoma Owens. Hapo ndipo alipokuwa mrukaji viunzi wa kweli, mpaka akawa bingwa wa shule za jimbo zima. Alikuwa na urefu wa kama mita 1.78, na kwa viunzi virefu huo ni ufupi. Kiunzi cha wanaume wakubwa kina kimo cha sentimita 106.7. Mtu mrefu nyonga zake ziko karibu na kimo hicho tangu anaposimama, kwa hiyo anakivuka karibu kama mtu anayepiga hatua ndefu. Mfupi lazima apande, na kila sentimita anayopanda ni muda anaopoteza hewani, maana hewani hakuna anayekimbia. Dillard alilipa deni hilo kwa kasi. Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi aliyejifunza kuvuka vikwazo bila kupunguza mwendo, na jambo hilo lilikuja kumwokoa baadaye.

Niruhusuni nieleze kidogo hesabu yenyewe, kwa sababu bila hiyo hayo mengine hayaeleweki. Katika mita 110 kuna viunzi kumi. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13.72. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 9.14. Kutoka cha mwisho hadi mstari wa kumalizia ni mita 14.02. Katika zile mita tisa na kidogo, mwanamume anayejua kazi yake anapiga hatua tatu, na hawezi kupiga nne, kwa kuwa hatua ya nne itamleta kwenye kiunzi na mguu usio wake. Hatua hizo tatu lazima zilingane, mara tisa mfululizo, kwa kasi ambayo haikuachii nafasi ya kufikiri. Zikipungua urefu kwa kiganja kimoja tu, unaruka ukiwa mbali mno. Ukiruka mbali unashuka vibaya, hatua inayofuata inakuwa fupi zaidi, na kufika kiunzi cha nne mbio zimekwisha ingawa miguu bado inakwenda. Mrukaji viunzi analinda hatua tatu kuliko anavyolinda misuli.

Dillard alizipeleka hatua zake Chuo cha Baldwin-Wallace, huko Berea, nje kidogo ya Cleveland. Hakukaa sana. Mwaka 1943, akiwa na miaka ishirini hivi, aliitwa jeshini kwa lazima kama vijana wengi wa rika lake, akapangiwa Divisheni ya 92 ya Askari wa Miguu.

Divisheni hiyo ilikuwa ya watu weusi. Jeshi la Marekani wakati huo lilitenga askari wake kwa rangi, na Divisheni ya 92 ndiyo divisheni pekee ya askari weusi wa miguu iliyopigana Ulaya ikiwa divisheni kamili. Alama ya begani ilikuwa nyati mweusi, kumbukumbu ya vikosi vya askari weusi wa karne ya 19 walioitwa Askari wa Nyati. Maofisa wa juu walikuwa weupe. Kamanda alikuwa Jenerali Edward Almond, ambaye mambo yalipokwenda vibaya aliwatupia lawama askari wake na rangi yao, badala ya kutazama jinsi walivyofunzwa na jinsi walivyoongozwa. Walifika Italia kuanzia Agosti 1944, wakasogea kuelekea kaskazini mpaka kwenye safu ya ulinzi ambayo Wajerumani waliijenga kukatiza milima ya Apenini. Majira ya baridi yakawakuta huko, katika bonde la mto Serchio na vilima vinavyolizunguka.

Siku moja baada ya Krismasi, 1944, katika kijiji cha Sommocolonia, Luteni John Fox wa divisheni hiyo alibaki ghorofani akielekeza mizinga ya upande wake. Wajerumani walipoizingira nyumba, aliagiza makombora yapigwe palepale aliposimama. Aprili 1945, Luteni Vernon Baker aliongoza watu wake kupanda kilima karibu na Kasri ya Aghinolfi, akaangamiza ngome kadhaa za adui huku wenzake wengi wakifa kandokando yake. Hakuna askari mweusi hata mmoja aliyepewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya Marekani, wakati wa vita hivyo. Ilitolewa Januari 1997 kwa watu saba kwa pamoja, na Baker peke yake ndiye aliyekuwa hai kuipokea kwa mkono wake.

Hao ndio waliovaa nyati begani pamoja na Dillard. Ninawataja kwa sababu nikisoma "akatumikia jeshi" nataka nijue alitumikia jeshi gani.

Na kuna hesabu nyingine. Michezo ya Olimpiki ya 1944 ilipangiwa London, na haikufanyika. Mwaka huo Dillard alitimiza miaka 21, umri ambao miguu ya mrukaji viunzi ndiyo inaanza kuiva. Mwanariadha anaweza kuumia akapona, anaweza kushindwa akarudi mwaka unaofuata. Lakini Olimpiki ambayo haikuwepo huwezi kuirudia. Wakimbiaji waliomtangulia, waliokuwa juu 1940, walipoteza mbili, maana hata ya mwaka huo haikufanyika, na wengi wao hawakuonekana tena.

Kaka yangu aliporudi likizo ya kwanza kutoka jeshini, tulikwenda uwanja wa shule jioni, wanafunzi wakiwa wameondoka. Alipanga viunzi vitano mwenyewe. Akapima kwa hatua, akarudi mstarini, akakimbia. Cha kwanza alikivuka vizuri. Kati ya cha kwanza na cha pili nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, na kwenye tatu alikuwa bado yuko nyuma kwa urefu wa mkono. Alijirusha hivyohivyo. Cha tatu alikipita kwa pembeni, akasimama, mikono kiunoni.

"Ni mabuti, mdogo wangu," akaniambia. "Ukitembea na mabuti na mzigo mgongoni miezi yote hiyo, mwili unajifunza hatua fupi. Hauniulizi."

Akavirudisha viunzi stoo, kimoja kimoja. Sikumsaidia, kwa hasira zangu za kitoto, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akinieleza habari za Dillard, kinachonishangaza kuliko London ni Frankfurt. Baada ya vita, jeshi la Marekani liliandaa mashindano ya michezo kwa askari wake waliobaki Ulaya. Dillard aliingia akiwa ametoka Italia, akashinda mara nne. Jenerali George Patton alimtazama na kusema kwamba hajawahi kuona mwanariadha bora kuliko huyo. Sifa za jenerali haziniambii mengi. Linaloniambia ni kwamba hatua tatu zilikuwepo. Sijui mtu anazihifadhi wapi, katika milima yenye theluji, ndani ya mabuti, kwa miaka yote hiyo, lakini alitoka nazo.

Aliporudi chuoni 1946 alikuwa hashikiki. Mwaka huo na uliofuata alitwaa ubingwa wa vyuo na ubingwa wa taifa, viunzi virefu na viunzi vifupi vya yadi 220 pia. Kuanzia katikati ya 1947 alishinda mbio 82 mfululizo, za viunzi na zisizo na viunzi, za nje na za ndani ya kumbi. Aprili 1948, mjini Lawrence, Kansas, alikimbia viunzi vya yadi 120, karibu sawa na mita 110, kwa sekunde 13.6, rekodi mpya ya dunia. Kila mtu alijua nani atashinda viunzi Olimpiki ya London.

Mfululizo ulikatika Milwaukee, katika ubingwa wa taifa, alipojigawa siku moja kati ya mbio fupi na viunzi. Wiki iliyofuata ulikuwa mchujo wa Olimpiki mjini Evanston, Illinois. Katika mita 100 alimaliza wa tatu, nafasi ya mwisho ya kuingia timu ya taifa. Wengi waliichukulia kama ziada. Kazi yake ilikuwa viunzi, na fainali ya viunzi ilikuwa kesho yake.

Aligonga kiunzi mapema. Akagonga kingine. Nimeshawaeleza kinachotokea baada ya hapo: hatua ya kwanza inafupika, ya pili inajaribu kufidia, ya tatu inakuta kiunzi kiko mahali pasipo pake. Mwenye rekodi ya dunia alipoteza mwendo wake mbele ya watu wote, akasimama kabla ya kumaliza. William Porter akashinda, akaenda London, akachukua dhahabu ya viunzi huku Wamarekani wakizoa nafasi zote tatu. Dillard alikuwa London pia, lakini kwa ile nafasi ya tatu ya mita 100.

Hapa naomba msomaji atazame tarehe. Tarehe 26 Julai 1948, Rais Harry Truman alitia saini amri ya rais namba 9981, iliyotaka askari wote wa Marekani watendewe sawa bila kujali rangi. Tarehe 29 Julai Olimpiki ikafunguliwa Wembley. Tarehe 31 Julai ikakimbiwa fainali ya mita 100. Mkongwe wa Divisheni ya 92, aliyekwenda vitani akiwa ametengwa kwa rangi yake, alichuchumaa kwenye mstari wa kuanzia akiiwakilisha Marekani siku tano baada ya nchi yake kukubali kwa maandishi kwamba kutenga huko kuishe. Utekelezaji wenyewe ulichukua miaka. Hata hivyo sijaona simulizi nyingi za London 1948 zinazoziweka tarehe hizo mbili pamoja, na kwangu hazitengani.

Alikuwa njia ya pembeni kabisa. Mel Patton, mwenzake wa timu moja, ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Bastola ilipolia, Dillard alichomoka kama alivyozoea kuchomoka kwenda kwenye kiunzi cha kwanza, ila safari hii kiunzi hakikuwepo. Barney Ewell, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, alimaliza akiamini ameshinda, akaanza kucheza kwa furaha. Hakumwona mtu wa pembeni. Ikabidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe, na picha ikaonyesha kifua cha Dillard mbele. Sekunde 10.3, sawa na rekodi ya Olimpiki. Ewell alipoelezwa alimpa mkono. Patton alikuwa wa tano.

Baada ya hapo kukaja mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Wamarekani walishinda, wakaondolewa kwa madai ya kupokezana nje ya eneo, Waingereza wakapewa dhahabu, kisha filamu ikatazamwa na dhahabu ikarudi kwa wenyewe. Dillard akawa na mbili.

Mtu mwingine angetosheka, lakini yeye bado alikuwa anadaiwa na viunzi. Alisubiri miaka minne. Helsinki 1952, akiwa ametimiza miaka 29 wiki chache tu zilizopita, alikimbia fainali ya mita 110 kuruka viunzi na kushinda kwa sekunde 13.7. Jack Davis, wa pili, alipewa muda huohuo. (Miaka minne baadaye, Melbourne, Davis alishindwa tena na Lee Calhoun, na tena kwa muda uleule. Namwonea huruma Davis kila nikikumbuka.) Dillard akaongeza dhahabu ya nne kwenye vijiti. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine aliyeshinda Olimpiki katika mita 100 na pia katika viunzi vya mita 110.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya kazi za kawaida. Alifanya kazi na timu ya besiboli ya Cleveland, akaendesha kipindi cha redio, kisha kwa miaka mingi akawa ofisa wa bodi ya elimu ya mji huo. Mwaka 2015 chuo chake kilimjengea sanamu, na alikuwepo kuiona.

Alifariki tarehe 15 Novemba 2019, akiwa na miaka 96. Nilisoma habari hiyo kwenye simu, nimekaa na kaka yangu, ambaye siku hizi ni mstaafu na ana wajukuu. Nilimsomea yote kwa sauti: zile springi za magari, Evanston, picha ya London. Alisikiliza huku akikanda kile kifundo chake cha mguu, kama anavyofanya kila akikaa muda mrefu. Nilipomaliza hakusema lolote kuhusu dhahabu.

"Alikwenda vitani akiwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Ishirini hivi."

"Na akakaa huko miaka mitatu."

"Karibu mitatu."

Akanyamaza kidogo. "Akarudi na hatua zake tatu?"

"Alirudi nazo, kaka."